Naomba ushauri: kumfundisha ngoma binti asiyesikia

Ndugu wanajamvi, nafundisha ngoma za asili wilayani Chamwino, Dodoma, na mwaka huu nimempokea binti wa miaka 13 asiyesikia kabisa, ambaye anapenda muheme, ngoma ya Wagogo, kwa moyo wake wote. Akiwatazama kina mama wakipiga ngoma zao, mabega yake huanza kucheza yenyewe, ila mdundo unapobadilika huchelewa kidogo, nami naumia kumwona akivunjika moyo.

Nimejisomea kwamba mwaka 1973 mwanasaikolojia Gunnar Johansson wa Sweden alionyesha kuwa vinukta vya mwanga vilivyowekwa kwenye viungo vya mtu anayetembea gizani vinatosha kumfanya mtazamaji atambue mara moja kuwa huyo ni mtu na anatembea. Nimesoma pia kwamba ubongo huunganisha mwendo unaoonekana na sauti ya nyayo, na kwamba katika kupima muda sikio kwa kawaida hulishinda jicho. Hapo ndipo ninapokwama, kwa sababu yeye amebaki na macho na ngozi, na ngozi nayo huhisi mtetemo.

Naomba mwenye uzoefu anieleze: je, nimsimamishe pekupeku juu ya ubao karibu na ngoma, aushike mwili wa ngoma kwa viganja, au atazame mikono ya mpigaji inavyoinuka kabla haijashuka? Mimi naegemea hilo la mwisho, kwa kuwa linampa taarifa mapema. Tafadhali nielekezeni pia namna ya kumjulisha mabadiliko ya mdundo bila kumtenga na wenzake.