Nimesailiwa mara tatu Arusha, kazi sikupata, ratiba yangu wanaiuza

Binti_Pasua
Wakuu, nipeni akili. Niko Moshi. Mwezi wa tano niliomba kazi ya kupanga safari za wageni kwenye kampuni moja ya utalii, ofisi ipo Njiro. Mara tatu nimeitwa, mara tatu nimepanda Kosta saa kumi na mbili asubuhi. Ya kwanza nilikaa benchi hadi saa saba, bosi "yuko porini". Ya pili nikaulizwa kama nimeolewa na mtoto ana umri gani. Nikajibu, ningefanyaje?

Ya tatu ndiyo inayoniuma. "Tuandalie ratiba ya siku saba, watu wanne, Februari, na gharama zake, tukuone." Nilikesha siku mbili. Tarangire, Karatu, kreta ya Ngorongoro, halafu badala ya kukimbilia Seronera, katikati ya Serengeti, nikawalaza wageni Ndutu, maana Februari nyumbu wanazalia huko. Siku ya mwisho kahawa na maporomoko ya Materuni, ndipo uwanja wa ndege, KIA. Tozo za hifadhi, VAT, hadi maji ya kunywa garini, vyote nilipiga hesabu.

"Tutakupigia." Wiki ya tano hii. Jana naingia kwenye tovuti yao, ratiba yangu hiyo, neno kwa neno. Hata pale nilipokosea nikaandika "Matreuni" wamepaacha! Naweza kudai, au nimeze tu?

Dereva_Sakina
Pole mdogo wangu. Wageni wa Februari nawapeleka Ndutu kila mwaka. Hiyo ratiba ni ya mtu anayeijua kazi. Piga picha ya skrini leo leo, kabla hawajaisahihisha hiyo Matreuni.

Mama_Wawili
Swali la ndoa na mtoto lisipite hivihivi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kubagua mtu kwa hali ya ndoa, na mwombaji wa kazi naye anahesabiwa. Kuhusu ratiba, njia ya kwenda Ndutu haina mwenyewe, hata mimi naweza kuiuza. Maandishi yako ndiyo yanayolindwa na Sheria ya Hakimiliki ya 1999. Barua pepe uliyowatumia unayo?

Mzee_wa_Kijenge
Mimi ningewapigia kama mteja, niwasikie wanavyoisifia 😂

Binti_Pasua
Barua pepe ninayo dada, nilituma saa nane usiku. Picha nimeshapiga, kesho naonana na wakili.

Mzee, nimewapigia kweli, kwa simu ya shangazi. Aliyepokea kanisifia "Matreuni" mpaka nikaziba mdomo nisicheke. Bei wamepandisha, na maji ya kunywa wameyatoa.