Katibu wa kamati aliyeandika "mbuzi 3", sijakusamehe!

Wakuu, msiniambie nitulie. Huyu katibu mnamjua, hakuna harusi Tanga inapita bila kalamu yake. Jana usiku kaniandikia kwenye grupu: "Leta mbuzi 3 alfajiri, wapishi wanasubiri." Basi. Mtu wa pwani ukiambiwa wapishi wanasubiri mbuzi, si unajua ni wali wa nazi? Nikagonga milango mtaa mzima kuazima, nikafika na mbuzi zangu tatu kwapani, chuma cha moja kimenichana shati.

Kaniangalia. Kaangalia mbuzi. Halafu kwa sauti, mbele ya wakwe: "Na huyu ndiye mbuzi wa nne."

MBELE YA WAKWE!

Kosa ni hiyo tarakimu! Angeandika "watatu" ningejua ni wa kuchinja. Angeandika "tatu" ningejua ni za kukunia nazi. Kaweka 3, ngeli ikafia hapohapo. Kuongeza "wa kuchinja" bando lingeisha? Mama mkwe kacheka mpaka kaomba kiti. Wa nne, jamani!

Kifuu Tupu: Pole mkuu, ila harusi nzima, nyama ulidhani inatoka wapi?

Mtoa mada: Nyama si idara yangu! Soma uzi. Kaniita wa NNE.

Bi Mkubwa wa Pongwe: Shukuru kasema "wa nne". Angesema "ya nne" ungekuwa umekaliwa unakuniwa nazi saa hizi 😂

Mlinzi wa Zamu: Afadhali wewe. Bosi kaandika "kikao saa 3". Nimefika asubuhi na tai shingoni, kumbe ni 3 ya kwenye simu, saa tisa alasiri. Chai yote ya getini nimeimaliza mimi.

Mjaluo Mpole: Huku Kenya nyanya ni bibi. Mke wangu wa Morogoro nilimwandikia "usisahau nyanya sokoni". Karudi na kilo mbili. Bibi bado yuko sokoni.

Kifuu Tupu: Kilo shilingi ngapi huko?

Mama Tui: Mtoa mada, hizo mbuzi unauza? Yangu imevunjika mguu.

Mtoa mada: Za kuazima hizo dada. Ila jamani wa nne???

Mlinzi wa Zamu: Nani anakuna nazi siku hizi, nunua blenda.

Mama Tui: Tui la blenda ni maji ya kuoshea vyombo. Umelelewa wapi wewe?

Bi Mkubwa wa Pongwe: Bara huyo, mwache.