Kundi la WhatsApp la Majirani Bondeni, Mabatini, Mwanza, siku ya tatu baada ya mafuriko

[06:12] Juma Boda: (Imesambazwa mara nyingi)
HABARI NJEMA!! Serikali inatoa 10,000 kwa kila kaya iliyokumbwa na mafuriko. Jisajili kwenye linki hii kabla ya saa sita usiku. Ada ya usajili ni 2,000 tu. Watumie watu 15 upate haraka!!!

[06:14] Mama Neema: Juma, elfu kumi hainunui hata bati moja. Na hiyo elfu mbili inaenda kwa nani?

[06:15] Juma Boda: Mimi nimesambaza tu mama. Mjumbe hauawi

[06:19] Mwl. Bahati: Hauawi, ila kofi anapigwa. Hiyo elfu kumi ni ya Kenya. Mei 2024 mafuriko yalipopiga Nairobi, Rais Ruto alitangaza shilingi 10,000 za kwao kwa kaya zilizoondolewa kandokando ya mito. Kwa hela yetu ilikuwa inakaribia laki mbili. Sasa kuna mjanja kaokota habari ya jirani, kaikata kichwa, kaitia "ada". Tangu lini anayekupa msaada akakutoza kiingilio?

[06:20] Mwl. Bahati: Na hiyo linki msiibonyeze. Watawauliza namba ya siri ya simu.

[06:31] Koku: Mwalimu umechelewa. Mdogo wangu ameshatuma 2,000. Ya kukopa

[06:32] Juma Boda: 😶

[06:33] Juma Boda: (Ujumbe huu umefutwa)

[06:34] Mama Neema: Umefuta sasa hivi kila mtu ameshapeleka kwa shemeji yake

[07:02] Mama Shija (Kamati): Mwangaluka majirani. Poleni tena. Leo kamati ya maafa ya mtaa inapita pamoja na watu wa kata kufanya tathmini. Tunaanzia kwenye kalavati tunapanda juu, kuanzia saa nne asubuhi. Kila kaya iwe na mtu mzima nyumbani, awe na kitambulisho cha NIDA, kama kimesombwa hata namba yake inatosha. Tope la ukutani msilisugue kabla hatujafika, ile alama ndiyo ushahidi.

[07:05] Mama Neema: Mimi nimeshasugua jamani, nisingeweza kulala na harufu ile. Nyuma ya mlango ndipo alama imebaki, imefika kwenye swichi ya taa. Gunia la sembe limegeuka sementi, nimelipiga panga limenirudishia mkono. Dagaa ndoo nne nilizotoa Mwaloni Ijumaa zimenuka mpaka paka kazikataa

[07:06] Juma Boda: Paka wa Mabatini kukataa dagaa!! Hayo sasa ni maafa ya kitaifa

[07:08] Mama Shija (Kamati): Mama Neema vipige picha kabla hujatupa. Sembe, dagaa na huo mlango.

[07:10] Mama Neema: Nitapiga. Halafu tunapewa nini? Niambie ukweli mama yangu, nisije nikakopa kwa matumaini.

[07:18] Mama Shija (Kamati): 🎤 Ujumbe wa sauti (2:10)

[07:26] Mwl. Bahati: Kwa wasio na bando, nimeandika alivyosema Mama Shija:
"Neno fidia tuliweke pembeni. Fidia unalipwa pale serikali inapochukua kiwanja chako ipitishe barabara au reli. Maji yakikuingilia kinachokuja ni msaada, na msaada unakuja kwa kadiri ya uwezo: unga, maharage, magodoro, mablanketi, ndoo. Hela ya mkononi ni nadra, msiihesabu. Hii tathmini ikitoka mtaani inakwenda kata, wilaya, mkoa, na jambo likiwa zito linafika Ofisi ya Waziri Mkuu kwenye idara ya maafa. Kila inapofika wanauliza kaya ngapi, watu wangapi, wamepoteza nini. Asiyeandikwa huku chini, kule juu hayupo. Mimi siahidi kitu. Mimi naandika."

[07:27] Mwl. Bahati: Naongezea kidogo. Hizo kamati zimo kwenye Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022. Kwa hiyo Mama Shija hapiti kwa umbea, anapita kisheria.

[07:28] Mama Shija (Kamati): Ahsante mwalimu. Umbea nafanya jioni.

[07:40] Koku: Mimi hayo ya kuandikwa nayajua. Septemba 10, 2016 nilikuwa kwetu Bukoba. Jumamosi, saa tisa na nusu alasiri, naanua nguo. Ardhi ikanisukuma kama mtu anayepita kwenye foleni. Nageuka, ukuta wa jiko la mama umelala chini wote, sufuria ya ndizi imebaki imekaa juu ya mafiga vilevile. Wakasema tetemeko la 5.9. Nchi nzima ikachanga. Tukaandikwa, tukapigwa picha, tukaandikwa tena. Januari 2017 Rais Magufuli akaja akatueleza bila kuzunguka: serikali inarudisha majengo ya umma, nyumba zenu mtajenga wenyewe. Sekondari ya Ihungo ikajengwa upya na imependeza kweli. Jiko la mama tulijenga kwa hela ya ndizi. Sisi tuliambulia turubai, mpaka leo anaanikia kahawa

[07:43] Mama Neema: Afadhali mliambiwa wazi

[07:44] Koku: Wazi inauma, ila unaacha kusubiri. Kesho yake mama alianza kufyatua tofali

[07:49] Mwl. Bahati: Hanang ilikuwa vingine lakini. Desemba 3, 2023 tope lilishuka mlimani likaingia Katesh asubuhi. Matibabu na mazishi yaligharamiwa na serikali, na waliopoteza makazi wakaja kujengewa nyumba zaidi ya 100 kule Waret.

[07:50] Koku: Kwa hiyo inategemea?

[07:52] Mwl. Bahati: Inategemea. Wamekufa wangapi, nani kachangia, kamera zimefika au hazijafika. Kwetu hajafa mtu, alhamdulillah, na ndiyo maana hamjaona kamera.

[07:53] Mama Neema: Kamera zikae hukohuko

[08:15] Anko Maduhu: Samahani naulizia. Bibi yupo TASAF. Je ataongezewa sababu ya mafuriko?

[08:17] Mama Shija (Kamati): Hapana. TASAF ni mpango wa kaya maskini na una orodha yake. Maji kuingia ndani hakumwongezei wala hakumtoi. Bibi aandikwe kwenye tathmini kama wengine. Na mwambie asimpe mtu kadi yake eti akamshughulikie.

[08:18] Anko Maduhu: Kuna kijana jana aliiomba

[08:18] Mama Shija (Kamati): Nani??

[08:19] Anko Maduhu: Hakupewa. Bibi alimfukuza na mwiko

[11:21] Juma Boda: 📷 Picha
Ukurasa wa daftari huu hapa, nimeruhusiwa kupiga. Kila mtu atafute jina lake

[11:26] Mama Neema: Mbona nyumba ya geti la bluu ina kaya moja? Na jina ni la Baba Erick?

[11:27] Mama Neema: Baba Erick yuko Dar miaka sita!

[11:29] Juma Boda: Kijana wake wa kukusanya kodi aliwahi pale kalavati, kaandikisha yeye

[11:41] Baba Erick: Salaam kutoka Dar. Nimeona mnanitaja. Nyumba ni yangu, na ukuta wa uani ulioanguka ni wangu. Mwenye hasara ni nani kama si mimi?

[11:44] Mama Neema: Shikamoo Baba Erick. Nakuheshimu. Ila usiku ule wewe ulikuwa umelala pakavu. Mimi nilisimama juu ya meza kuanzia saa nane hadi adhana, Neema mgongoni, mdogo wake kwapani, na meza inaelea upande mmoja. Chumba cha pili Mama Zawadi na mgonjwa wake walipandishwa darini na vijana. Sasa kikija kibaba cha unga kitumwe Dar kwa basi?

[11:45] Juma Boda: 🔥

[11:45] Koku: Juma hebu tulia

[11:58] Mama Shija (Kamati): Nimerudi getini hapo, nimeona mwenyewe. Sikilizeni. Kaya siyo nyumba. Kaya ni watu wanaolala pamoja na kula chungu kimoja, hata sensa inahesabu hivyo. Geti la bluu lina vyungu vitatu, basi nimefuta ile moja nimeandika kaya tatu: Mama Neema, Mama Zawadi, na yule kijana fundi viatu na mkewe. Ukuta nimeuweka kwenye safu ya majengo kwa jina la Baba Erick. Kila mtu amekaa kwenye hasara yake. Wapangaji wote wa mtaa huu mliofichwa nyuma ya jina la mwenye nyumba njooni kabla ya saa kumi.

[12:02] Mama Zawadi: Mungu akubariki. Mimi nilijua wapangaji hatuhusiki nikakaa kimya

[12:03] Mama Shija (Kamati): Mko kumi na moja mliokuwa mnakaa kimya, nimeshawahesabu.

[12:20] Baba Erick: Sawa. Sikuwa na nia mbaya. Kijana alinipigia akasema majina yanaandikwa, nikamwambia aandike. Mama Neema kodi ya mwezi huu leta nusu. Na mwenzio mwambie hivyo hivyo.

[12:21] Mama Neema: Ahsante baba. Nitamwambia na fundi viatu

[12:24] Baba Erick: Na fundi viatu.

[12:25] Juma Boda: Msaada wa kwanza umepokelewa. Umetoka Dar 😂

[13:10] Mama Shija (Kamati): Mzee Masanja, tumebisha mlangoni kwako mara mbili. Mjukuu anasema umesema hupo.

[13:32] Mzee Masanja: NIPO. SITAKI KUANDIKWA

[13:33] Mwl. Bahati: Shikamoo Mzee wetu. Kulikoni? Maji si yalikuchukulia mbuzi wawili na banda?

[13:41] Mzee Masanja: MWALIMU MIMI NIMEZALIWA HAPA MIRONGO IKIWA MTO WA KURUKA KWA MGUU MMOJA. LEO WANANIANDIKA NIMEPATWA NA MAFURIKO. KESHO WANAKUJA NA DAFTARI HILOHILO WANASEMA HUYU ANAKAA BONDENI. KESHO KUTWA RANGI NYEKUNDU UKUTANI, X YA KUBOMOLEWA. MBUZI WAWILI SI KITU NYUMBA NI KITU

[13:44] Mama Neema: Hilo sikuwa nimeliwaza

[13:45] Anko Maduhu: Hata mimi

[13:46] Mama Zawadi: Jamani tusiandikwe?

[13:55] Mwl. Bahati: Mzee hajakosea kuogopa. Sheria ya Mazingira ya 2004 kifungu cha 57 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au wa ziwa. Lakini hiyo mita 60 ipo kabla ya daftari la Mama Shija. Mwenye kutaka kupaka rangi hahitaji orodha ya mafuriko, anakuja na futi kamba. Na ziwa lenyewe halina habari na daftari la mtu. Mei 2024 kipimo cha kina cha Ziwa Victoria kule Jinja, Uganda, kilivunja rekodi zote, hata ile ya miaka ya sitini iliyokuwa ikisimuliwa na wazee. Maji yalipanda kwa walioandikwa na wasioandikwa.

[13:57] Koku: Mzee wangu, mimi ningeandikwa. Wakija kukuhamisha siku moja, afadhali kuwe na karatasi inayosema hapa palikuwa na mtu, na alikuwa na mbuzi

[14:05] Mama Shija (Kamati): Mzee Masanja mimi nitakwambia kama mwanao. Daftari hili ni la maafa. Kwamba litasomwa na mtu mwingine kwa jambo lingine, siwezi kukuapia, ningekuwa naongopa. Chaguo ni lako. Nipo kwenye kalavati mpaka saa kumi.

[14:06] Juma Boda: Kwani Mzee kutoka mtoni mpaka kwako ni mita ngapi?

[14:07] Mzee Masanja: SIJUI

[14:07] Juma Boda: Si upime kwa hatua

[14:31] Mzee Masanja: NIMEPIMA. 58

[14:32] Juma Boda: Mzee hizo ni zile hatua zako za kuwahi sadaka ya misa ya kwanza. Rudia na hatua za kurudi kilabuni

[14:33] Koku: 😂😂😂

[14:50] Mzee Masanja: NIMERUDIA. 71

[14:51] Mama Shija (Kamati): Nakuja na kalamu.