Naomba ushauri: nyumba ndogo kwenye kiwanja chembamba cha mteremko na mawe, Mwanza

Mwalimu wa Kilimani
Wanajukwaa, habari za kazi. Ninaomba ushauri wa mafundi, wabunifu majengo na yeyote aliyewahi kujenga kwenye vilima vya Mwanza, kwa sababu nimekwisha kufanya kosa moja kubwa na sina fedha ya kulipia la pili.

Kiwanja changu kiko kilimani, upande wa Igogo. Kina upana wa mita 12 kando ya njia ya miguu inayopita upande wake wa juu, na urefu wa mita 20 kuteremka magharibi kuelekea ziwani. Tulipima kwa mpira wa maji, mimi na kijana wangu, tukakuta kwamba mpaka wa chini umeshuka kwa mita 4 kutoka ule wa juu. Gari haliingii, linaishia barabarani, kama mita 120 kutoka kiwanjani, na kuanzia hapo kila mfuko wa saruji na kila ndoo ya mchanga hupandishwa na wabebaji. Karibu na mpaka wa kusini kuna jiwe kubwa linalozidi kimo changu.

Mwaka jana fundi wangu wa kwanza alishauri tusawazishe eneo ili tumwage jamvi moja, yaani sakafu moja ya zege. Alikata kilima wima, karibu mita 2, na udongo wote akautupa upande wa chini. Mvua za Aprili zilipokolea, ukingo ule uliporomoka usiku na tope likafika mlangoni mwa jiko la jirani yangu. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, lakini asubuhi nilimkuta yule mama akizoa tope kwa sufuria yake ya kupikia ugali, na hadi leo sijaacha kumwona akifanya hivyo. Nilimwomba radhi na nikalipia usafi.

Ninahitaji vyumba vitatu, sebule, jiko na choo cha ndani. Ninaishi na mke wangu, watoto wawili na mama yangu mzazi, ambaye magoti yanamsumbua na ngazi ni adhabu kwake. Maji ya bomba hayatoki kila siku. Ningependa nyumba yenye ubaridi wake yenyewe, inayotumia mvua inayoiangukia, na itakayojengwa kwa awamu kadiri mshahara unavyoruhusu. Je, nianzie wapi?

Mkazi wa Buswelu
Pole sana, Mwalimu. Kwa maoni yangu uza kiwanja hicho ununue cha tambarare huku kwetu, kwa sababu fedha utakayofukia kwenye msingi ingetosha kupandisha kuta zote.

Mwalimu wa Kilimani
Ahsante, ndugu yangu. Nimelifikiria hilo, lakini shule ninayofundisha na kliniki ya mama ziko umbali wa kutembea kutoka hapa, na nauli za kila siku za watu watano nazo ni gharama ya nyumba.

Mbunifu wa Ziwani
Mwalimu, kiwanja chako ni kigumu lakini kinajengeka, mradi nyumba ifuate kilima badala ya kukilazimisha kilima kifuate ramani ya tambarare. Mita 4 katika mita 20 maana yake ardhi inashuka mita 1 kila mita 5. Jamvi moja lenye urefu wa mita 9 hivi kufuata mteremko lazima likate karibu mita 2 upande wa juu, au liinuliwe karibu mita 2 upande wa chini, na ndiyo maana fundi wako alifika pale alipofika.

Igawe nyumba katika vipande viwili vinavyolala sambamba na njia. Ukiacha mita 1.5 kila upande, unabaki na upana wa mita 9. Kipande cha juu kiwe mita 9 kwa 5, cha chini mita 9 kwa 4.5, na tofauti ya sakafu zake iwe sentimita 90, yaani ngazi 6 za sentimita 15 kila moja. Kila kipande kitakata kidogo nyuma na kuinuka kidogo mbele juu ya msingi wa mawe. Jumla ni mita za mraba 85 hivi, zinazotosha familia yako bila korido ndefu. Kwa kuwa njia inapita juu, sebule, jiko, choo na chumba cha mama viwe kipande cha juu, aingie na kutoka bila kukanyaga ngazi hata moja. Vyumba viwili vilivyobaki na bafu viwe chini.

Hapa kuna mgongano ambao sitaki ukushtukize baadaye. Mwanza iko karibu sana na ikweta, jua hupita karibu utosini mwaka mzima, na kuta zinazopata joto kali ni za mashariki na magharibi. Kilima kinataka kuta zako ndefu zielekee pande hizo hizo, na mandhari ya ziwa yanakushawishi uweke madirisha mapana magharibi. Usikubali kirahisi. Weka baraza lenye upana wa mita 2 upande wa ziwa, madirisha ya kiasi chini ya kivuli chake, na matundu ya hewa juu ya ukuta wa mashariki, ili upepo unaotoka ziwani mchana uingie chini na kutokea juu.

Paa nalo liwe vipande viwili, cha juu kikimwaga maji upande wa njia na cha chini kikimwaga upande wa ziwa. Usiruhusu vipande hivyo vikutane kwa bonde katikati ya nyumba, kwa sababu hapo ndipo majani yanapoziba na bati linaposhika kutu kwanza. Kwa kuwa paa la juu litasimama juu zaidi ya la chini, acha kati yake uwazi wenye wavu wa kutolea joto. Halafu mtafute mbunifu aliyesajiliwa aichore ramani, uombe kibali cha ujenzi halmashauri ya jiji kabla ya kuchimba tena.

Fundi Mawe Mstaafu
Mwanangu, nimejenga misingi kwenye vilima hivi tangu ujana wangu. Kabla ya ramani, lijue jiwe lako. Kuna mwamba uliozaliwa hapo, ambao mizizi yake ni kilima chenyewe, na kuna jiwe lililokaa tu juu ya udongo. Chimba taratibu upande wa juu wa jiwe, kamwe si upande wa chini, uone kama linaendelea kushuka au linajikunja ndani kama chungu. Likiendelea, msingi unaweza kuegemea hapo. Likijikunja, liache kabisa na ujenge mbali nalo, au umwite mhandisi. Ukichimba chini ya jiwe la namna hiyo unaondoa kabari iliyolishikilia.

Mawe madogo usiyauze. Kupasua kwa moto na nyundo ni kazi inayojulikana hapa, lakini moto wa matairi unawatesa majirani kwa moshi; tumia kabari na nyundo ingawa ni polepole. Mawe hayo ndiyo msingi wako na ukuta wako wa kuzuia udongo, na hayahitaji mbebaji.

Ukuta huo ukiwa na kimo cha mita 1.5, kitako chake kisipungue sentimita 75, uegemee kilima kidogo, na nyuma yake ujaze kokoto kabla ya udongo. Acha matundu ya maji kila baada ya mita moja na nusu hivi. Kinachosukuma ukuta hadi ukaanguka mara nyingi ni maji yaliyokosa njia ya kutokea nyuma yake. Na ule udongo alioutupa fundi wa kwanza usijenge juu yake hata kwa nondo. Chimba hadi ardhi ambayo haijawahi kuguswa.

Bi Mkubwa wa Mabatini
Shikamoo, fundi. Mwalimu, nakuombea heri kwa kumfikiria mama. Mimi ninaishi mteremkoni na nitazungumzia maji tu, kwa kuwa ndiyo yanayotusumbua tunaokaa huku.

Kwanza chimba mfereji wa kukinga maji upande wa juu, kando ya njia, uyazungushe pembeni hadi kwenye mtaro wa mtaa. Yasiishie kwa jirani, na mkubaliane naye mbele ya mwenyekiti wa mtaa kabla hujachimba. Pili, milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Paa lenye mita za mraba 100 pamoja na baraza, likipata mvua ya milimita 30, linakupa karibu lita 2,400 baada ya kutoa zinazopotea. Weka tanki la lita 5,000 upande wa juu, juu ya jukwaa la mawe, nalo litalisha bafu la chini bila pampu. Tatu, shimo la maji taka: mwamba haunywi maji, na yanayokosa pa kuzama hutokeza ukutani kwa aliye chini. Uliza MWAUWASA, mamlaka yetu ya maji na majitaka hapa Mwanza, kwa sababu imelaza mabomba ya mfumo rahisishi wa majitaka kwenye baadhi ya vilima vyetu. Kama bomba liko karibu, jiunge nalo.

Mwalimu wa Kilimani
Shikamooni nyote. Nimesoma mara tatu na kumsomea mama pia. Aliposikia habari ya kuingia bila ngazi alinyamaza kidogo, kisha akauliza dirisha lake litatazama wapi. Nina swali kuhusu kuta: je, matofali ya kufungamana ya udongo uliochanganywa na saruji yanafaa hapa?

Mbunifu wa Ziwani
Yanafaa sana kwa hali yako. Yale ya NHBRA, wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba na vifaa vya ujenzi, yana sentimita 30 kwa 15 kwa 10, hayapikwi kwa kuni, na moja lina uzito wa kilo 8 au 9, ilhali tofali la saruji la inchi 6 ni zaidi ya kilo 25. Fikiria mita 120 za kupanda.

Fundi Mawe Mstaafu
Ninakubali kwa kuta, lakini udongo wa kilimani humu ni changarawe tupu. Weka udongo kwenye chupa ya maji, utikise, uache hadi kesho: mfinyanzi ukiwa ukanda mwembamba mno juu ya mchanga, tofali litamomonyoka na itakubidi uulete udongo kutoka bondeni. Na matofali hayo yaanze sentimita 45 juu ya ardhi, yakikaa juu ya mawe.

Mwalimu wa Kilimani
Nimeelewa. Jumamosi tutachimba upande wa juu wa jiwe na kujaza chupa tatu za udongo kutoka sehemu tatu. Fedha niliyoitenga kwa ajili ya bati nitaihamishia kwenye mfereji na ukuta wa upande wa jirani, vikamilike kabla ya mvua za vuli. Nitaleta picha hapa Jumapili.

Bi Mkubwa wa Mabatini
Tunazisubiri. Na dirisha la mama litazame njiani, awaone wanaopita na kuwasalimia.