Mnaochanganya chakula cha kuku wenyewe, tupeane uzoefu: nini kiliwahi kukuliza?

Mchunga Vifaranga
Wakuu salaam. Leo nimepita dukani kununua pumba, harufu ya dagaa ikanipiga puani, mwili mzima ukanisisimka. Nikasema hili ngoja nilimwage hapa, miaka minne nimelibeba peke yangu.

Nilikuwa na vifaranga chotara 400, wiki ya tatu, wamechangamka hatari. Chakula cha dukani kikapanda bei, jirani akanipa fomula imeandikwa nyuma ya daftari la hesabu la mwanawe: mahindi paraza, pumba, mashudu ya alizeti (yale makapi yanayobaki mbegu zikikamuliwa mafuta), dagaa kilo 10 kwa kila kilo 100, mifupa, chokaa, premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini), chumvi nusu kilo. Nikachanganya mara ya kwanza, safi. Mara ya pili, safi. Nikaanza kujiona profesa.

Mara ya tatu dagaa wa Mwanza hakuna. Muuzaji akaniambia, "Chukua hawa wa pwani, hawana mchanga, ona wanavyong'aa." Kweli walikuwa wanang'aa. Nikamshukuru na kumshukuru.

Kesho yake vifaranga wakaanza kunywa maji. Vyombo nane najaza alfajiri, kabla ya saa nne vimekauka. Mke wangu akasema wanakua hao. Nami nikacheka nikajaza tena. Jioni maranda yameloa, ukikanyaga yanalia chwaka chwaka. Kisha nikamwona mmoja amekaa kitako pembeni, tumbo limetuna kama mfuko wa maji, nikimwinamisha anatokwa na majimaji mdomoni. Mwingine anatembea kama mlevi, anapiga hatua mbili anaangukia ubavu.

Nikajiambia ni koksidia, ule ugonjwa wa kuhara damu. Nikaweka dawa kwenye maji. Mnaelewa nilichofanya? Wenye kiu nikawaongezea sababu ya kunywa.

Asubuhi 61 wamekufa. Siku ya tatu nimehesabu 212, nawapanga kwenye mfuko wa saruji kama mahindi ya kuchoma. Bwana mifugo akaja, akawapasua watatu, maji tele tumboni, figo zimevimba. Hakusema kitu. Akaenda kwenye gunia la chakula, akachukua kidole kimoja, akaweka ulimini. Akatema. Akaniangalia. "Mzee, hii ni supu."

Mpaka leo dagaa wakiiva nyumbani, mke wangu ananiuliza mbele ya wageni, "Baba Asha, umeonja?"

Kibada Yetu
Pole sana mkuu. Hiyo "mzee, hii ni supu" imeniua.

Mpemba wa Mtoni
Kaka pole. Lakini huyo muuzaji alikudhulumu kwa kutokwambia, maana si siri. Dagaa zetu za huku Unguja huchemshwa kwanza kwenye maji ya chumvi, ndipo zikaanikwa. Ndivyo zinavyokwenda mpaka Kongo, zinakaa muda haziozi. Hizo ni za binadamu. Wa ziwani hawatiwi chumvi, wanaanikwa juani tu, wengi kwenye mchanga. Ukinunua za huku kwa kuku, chumvi ya kwenye fomula itoe kabisa, na vifaranga wadogo usiwape hata hivyo.

Bwana Shamba Mstaafu
Naongezea kidogo. Kuku anahitaji chumvi, ila kiasi chake ni robo mpaka nusu kilo kwa kilo 100, na hiyo ni jumla, pamoja na iliyomo kwenye dagaa. Akishazidishiwa, ondoa chakula, mpe maji safi kidogo kidogo. Usimwachie anywe bila kikomo.

Kibada Yetu
Mimi yangu ni mchanga. Gunia la dagaa kilo 40, nikatia konzi moja kwenye ndoo ya maji, nikakoroga, nikasubiri. Chini ikabaki pwani ya Coco Beach. Tangu hapo naenda dukani na kopo langu la maji, wauzaji wananichukia.

Dume la Shinyanga
Nyie mnalia na vifaranga, mimi nililia na mayai ya kijani.

Nipo kanda ya pamba, mashudu ya pamba yako kila kona na bei yake unacheka. Nilikuwa na kuku wa mayai 500. Nikasema alizeti ya nini, nikaondoa mashudu ya alizeti yote, nikaweka ya pamba. Mayai yanatoka kama kawaida, ukipasua lililotagwa leo kiini cha njano, hakuna tatizo.

Kuna mama mmoja mpika keki, mteja wangu mkubwa, akachukua trei 12 kwa ajili ya harusi mbili. Harusi ya pili ikasogezwa mbele, mayai yakakaa kwenye friji kama wiki tatu. Siku anapasua la kwanza, kiini ni kijani cha majimaji ya bwawa. La pili, kijani. La tatu, ute wenyewe una rangi ya waridi! Akabeba bakuli na kaka yake na bi mkubwa wake, wakaja kwangu saa tano mchana, wateja wamejaa. Akaliweka bakuli mezani: "Umenilisha mayai ya nyoka?"

Wakuu, wateja walitawanyika. Ndani ya wiki mtaa mzima unajua nafuga kuku wa masharti. Na mimi mwenyewe nikaanza kuamini! Nikaenda kwa mtaalamu, akapokea kuku wawili na hela, akasema adui yangu yuko upande wa mawio. Upande wa mawio ni jirani yangu, mzee mstaarabu, ananisalimia kila asubuhi. Miezi minne sikumwitikia salamu.

Likizo akaja mpwa wangu anasoma SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro. Akaangalia banda, akauliza, "Mjomba unawalisha nini?" Nikamwambia. Akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe mbegu ya pamba ina sumu inaitwa gosipoli, ikiingia kwenye kiini inashikana na madini ya chuma, yai likikaa siku nyingi ndipo ukijani unatokea. Na hiyo rangi ya waridi kwenye ute ni mafuta ya pamba hiyo hiyo. Nikaondoa mashudu, baada ya wiki kadhaa mayai yakarudi.

Mama Kuku Makueni
Woi! Na yule jirani je, ulimwomba msamaha?

Dume la Shinyanga
Tuzungumze chakula tafadhali.

Mtoto wa Pwani
Msimcheke. Kuna mayai ya kijani ya gosi sijui nini, na kuna mayai ya kijani ya watu. Babu yangu aliona.

Bwana Shamba Mstaafu
Mtoto wa Pwani, babu yako alikuwa anawalisha nini?

Mtoto wa Pwani
Naona mzee umesoma sana.

Azolla Kilimo Biashara
Ndugu zangu, mateso yote haya ya nini? Azolla, ule mmea mdogo unaoelea majini, ina protini nyingi, inaota bure kwenye bwawa la turubai, inaongezeka maradufu kwa siku chache. Mimi dagaa nilisahau. Mbegu zipo, njoo inbox.

Kibada Yetu
Tangazo hilo.

Bwana Shamba Mstaafu
Azolla si mbaya. Lakini wapeni watu hesabu kamili. Protini hiyo mnayoitaja ni ya iliyokaushwa. Ikiwa mbichi, zaidi ya kilo 9 katika kila 10 ni maji. Kuku wa mayai anakula gramu 110 mpaka 120 za chakula kikavu kwa siku. Ukimjaza majani ya maji anashiba kabla hajapata kitu, anaacha kutaga anakuangalia tu. Kiungo cha pembeni, sawa. Chakula chenyewe, hapana.

Azolla Kilimo Biashara
Mstaafu una wivu wa biashara. Wateja wangu wanafurahi.

Kibada Yetu
Kuku wao je?

Mama Kuku Makueni
Mniruhusu nami. Huku kwetu mahindi yakichambuliwa, yale yenye kuvu ni ya kuku. Nimezaliwa nikaona hivyo. Mimi nikafanya hivyo hivyo kwa leya (kuku wa mayai) 300. Polepole trei zikashuka kutoka nane hadi tano. Manyoya yamechakaa, hawana homa, hawana mafua, wanakula tu kwa uvivu. Chanjo zote nilikuwa nimepiga, na bado Gumboro, ugonjwa wa virusi wa kuku wachanga, ikapita kwa vifaranga wa banda la pili. Tulipopasua mmoja aliyekufa, ini lilikuwa la manjano, laini, likikatika kama siagi.

Daktari akaniuliza mahindi nayatoa wapi. Nikamwonyesha gunia. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Mama, wewe ni wa Makueni na unanifanyia hivi?" Nikaona aibu kweli. Mwaka 2004 huku kwetu Kenya, Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 125 walikufa kwa sumukuvu ya mahindi, tulizika majirani. Tukaacha kula wenyewe, tukawapa kuku, kisha tukala mayai yao.

Bwana Shamba Mstaafu
Mama, hilo uliloandika lichapwe libandikwe mlangoni kwa kila kinu. Sumukuvu haitoki kwa kuchemsha wala kuanika upya. Yenyewe ilifahamika kwa sababu ya ndege wa kufugwa: mwaka 1960 Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, chanzo mashudu ya karanga kutoka Brazil. Hata sasa mashudu ya karanga nayaogopa kuliko mahindi. Bata wadogo ndio wanawahi kufa.

Mzee wa Shubiri
Na ndiyo maana tunasema rudini kwenye asili. Shubiri, mlonge, kitunguu saumu, pilipili kichaa. Kuku wangu hawajui chanjo miaka sita na mdondo (Newcastle) unapita mbali.

Bwana Shamba Mstaafu
Mlonge sikatai, majani yake makavu yakisagwa yakawekwa kidogo kiini kinakuwa cha njano nzito wateja wanapenda. Lakini shubiri haizuii mdondo. Mdondo unazuiwa na chanjo. Tone moja jichoni, na unarudia kila baada ya miezi mitatu.

Mzee wa Shubiri
Nyie mnatetea viwanda.

Kibada Yetu
Mzee una kuku wangapi?

Mzee wa Shubiri
Kwa sasa wanne. Wengine waliibiwa.

Kibada Yetu
😂😂 Na mdondo.

Binti Singida
Mimi nina la funza. Nilisikia funza wa wale nzi weusi wana protini kubwa na mafuta, na nzi mwenyewe akishakua hali kitu, hazunguki kwenye vyakula vya watu. Nikaweka mabeseni nyuma ya jikoni, mabaki ya sokoni, wiki mbili wamenona. Kuku walikuwa wanaruka kuwapokea, sijawahi kuona upendo kama ule. Shida hakuna aliyeniambia kwamba wakikomaa wanapanda kingo za beseni wanatafuta pakavu pa kujificha. Usiku ule alikuwa amelala kwetu mama mkwe. Saa kumi alfajiri nikasikia, "Mwanangu, kitanda chenu kinatembea."

Mama Kuku Makueni
Ngai! Sasa unafuga bado?

Binti Singida
Nafuga, nimeyawekea mabeseni mfereji wa majivu makavu. Mama mkwe hajarudi. Faida mbili.

Fundi Banda
Fupi: nilitaka maganda magumu, nikaweka chokaa. Ya kupaka nyumba. Midomo yote ikaungua. Chokaa ya kuku ni mawe yaliyosagwa, si ile inayochemka ukitia maji. Sasa natumia makombe ya pwani, yasagwe chengachenga yasiwe unga, yanayeyuka taratibu usiku wakati ganda linatengenezwa.

Bwana Shamba Mstaafu
Sahihi. Na chakula chenye chokaa ya kuku wa mayai usiwape wanaokua, kinaharibu figo. Anza wakikaribia kutaga.

Kaka wa Tegeta
Nyote mnajitesa, nunueni cha kiwandani mlale.

Mchunga Vifaranga
Cha kiwandani ndicho kilinifanya nirudi kuchanganya. Mfuko mmoja ulikuwa na pumba tupu, mayai yakashuka nusu kwa siku kumi. Wa kwangu angalau namjua mwizi.

Mama Kuku Makueni
Dume la Shinyanga bado hujajibu. Jirani?

Dume la Shinyanga
Haya. Nilimpelekea trei moja, nikamweleza yote, mganga na kila kitu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akafunua trei akaniuliza, "Haya ni yale ya kijani?"

Mgeni Njiani
Wakuu habari, sijasoma yote. Naomba fomula ya haraka ya kuku 100 wa mayai, nipo dukani sasa hivi, muuzaji ananisubiri.

Kibada Yetu
Kuna dagaa hapo? Onja mmoja.

Mgeni Njiani
Nimeonja. Hana chumvi. Ila nimetafuna mchanga.