Mrejesho: amri za Kihispania kwa waongoza watalii

Niliuliza namna ya kuwapa amri wageni wa Kihispania kule Bwindi (msitu wa sokwe, Uganda) kwa vitenzi vya kawaida. Asanteni wote, sasa imeeleweka.

Rafiki mmoja (tú): chukua wakati uliopo wa nafsi ya pili, toa s. Esperas (unasubiri) huwa espera, bebes (unakunywa) huwa bebe, subes (unapanda) huwa sube. Basi.

Kwa mgeni wa heshima (usted) irabu hubadilishana: vitenzi vinavyoishia na -ar (kama esperar) hupata e, vya -er na -ir (beber, subir) hupata a. Espere, beba, suba. Kwa kundi (ustedes) ongeza n: esperen aquí (subirini hapa), beban agua (kunyweni maji), suban despacio (pandeni polepole). Anayejua Kiswahili hapotei hapa, maana nasi husema "ngoja" kwa amri na "ungoje" kwa adabu, lakini e yao ni ya -ar tu. Ukisema bebe kwa mzee, umemwita kama rafikiyo.

Penye mitego ni maandishi. Apagar (kuzima) kwa kundi ni apaguen el flash, si "apagen", kwa sababu g mbele ya e husomwa kama kh. Sacar (kutoa) nayo hubadili herufi: saquen.

Kiwakilishi (kama me, yaani mimi) hubandikwa mwishoni, na alama ya mkazo huongezwa: esperen, lakini espérenme.

Wahispania wenyewe wana vosotros (ninyi, kwa marafiki) pia: esperad, bebed, subid. Amerika ya Kusini hawaitumii katika mazungumzo ya kawaida, kwa hiyo kundi lililochanganyika lipe ustedes. Kukataza ni habari nyingine. Nitafungua swali jipya.