Mita moja, mita ndogo, au kila mpangaji na Yaka yake?

Landilodi_Kireka: Nina vyumba sita vya safu Kireka, hapa Uganda, vyote vinakula Yaka moja (mita ya umeme ya kulipia kabla), umeme umo ndani ya kodi. Zamani ilikuwa raha. Sasa chumba kimoja kimeleta jiko la koili, kingine kimefungua saluni, na tokeni iliyokuwa inafika mwisho wa mwezi inakata katikati. Nichague lipi: mita ndogo ndani ya ua, za kupima kila chumba nyuma ya Yaka hiyo moja, au niombe Yaka kwa kila chumba?

MamaPacha_Mukono: Yaka kila chumba, sioni cha kubishania. Yuniti 15 za mwanzo za mwezi kwa matumizi ya nyumbani zina bei ya chini, na zinahesabiwa kwa mita, si kwa vichwa. Vyumba sita vikitumia yuniti 20 kila kimoja, kwenye mita moja mnaambulia 15 za bei nafuu kati ya 120. Kila kimoja kikiwa na mita yake, ni 90 kati ya hizo hizo 120. Halafu anayezimikiwa saa nne usiku ananunua tokeni kwa simu yake, hakugongei mlango.

Mzee_Bombo: Hesabu tamu, mama, ila mita hazinunuliwi sokoni. Maombi sasa yanakwenda UEDCL, shirika la serikali la kusambaza umeme, maana mkataba wa miaka 20 wa kampuni ya Umeme uliisha 31 Machi 2025, na nyumba lazima ikaguliwe kwanza. Mita ndogo unainunua duka la vifaa vya umeme asubuhi, jioni imefungwa. Ugomvi wake ni mwingine: jumla ya mita ndogo haiwi sawa na ile kubwa. Taa ya uani, taa ya choo, pampu ya tanki, nani analipa? Kwangu hizo ni zangu, nimeziandika kwenye mkataba, na usomaji tunafanya pamoja, wapangaji wakitazama. Picha ya mita inaingia WhatsApp papo hapo.

FundiSaidi: Mnagombania mita, ubao wa breka hamjaufungua. Nyumba nyingi za safu ninazoingia, waya wa taa wa milimita 1.5 za mraba ndio umevutwa mpaka soketi. Koili ya wati 2,000 inavuta zaidi ya ampea 8. Ongeza birika la umeme la wati hizo hizo, umepita 16. Breka ikaanza kuruka, mtu akaleta kubwa zaidi ya ampea 32 "ili isisumbue". Hapo waya ndio unageuka fyuzi: unaungua kabla breka haijakata. Angalia soketi ya huyo wa koili: ikiwa imepiga rangi ya kahawia kwenye matundu, usingoje mita. Soketi zipewe waya wa 2.5 na breka yake, weka na breka ya kuzuia mshtuko ya miliampea 30, hakikisha nondo ya ethi, ile inayochimbiwa ardhini, ipo na imeungwa. Na fundi awe na kibali cha ERA, mamlaka ya kudhibiti umeme.

Dada_Jinja: Saluni itafutiwe mita ya biashara, bei yake si ya nyumbani. Jingine: ukiutoa umeme kwenye kodi, punguza kodi. Usipopunguza umeongeza kodi kwa mlango wa nyuma, na Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022 inaweka mpaka wa asilimia 10 kwa mwaka. Wala usifikirie kumzimia mtu umeme ili ahame. Kumtoa kunataka amri ya mahakama.

MamaPacha_Mukono: Na maji je? Kwangu mita ya NWSC, shirika la maji, ni moja, tunagawana kwa idadi ya watu. Kelele kila mwezi, lakini za kuvumilika.

Landilodi_Kireka: Basi: saluni iombe Yaka yake ya biashara, wengine mita ndogo kwanza, na kodi nitaishusha. Fundi, vyumba vitano vilivyobaki niweke breka kuu ya ampea ngapi?

FundiSaidi: Niambie kwanza unene wa waya unaotoka kwenye mita kuingia ndani. Breka inafuata waya, mzee, si idadi ya vyumba.